Lori Litasimama Wapi?

Kijana alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa amekiinamishia magotini, boksi la vitabu vyangu pembeni yake. Nilimletea maji, akayashika tu mkononi. Mwenzake akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Dada, huyu si mvivu. Tangu tufike kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka." Walikuwa wametoka tambarare alfajiri ileile, wakapanda mpaka juu ya mita 2,500, wakafungua milango ya lori na kuanza kubeba makabati bila hata kuvuta pumzi.

Ni mimi niliyewaleta. Nilikuwa nimenunua fleti ndogo katika mji wa mlimani wenye watalii karibu mwaka mzima, na nilipotafuta watu wa kunihamisha niliangalia bei tu. Kampuni za huku juu zilikuwa ghali. Ile ya tambarare ilikuwa nafuu, lori lao kubwa, maneno yao matamu kwenye simu. Niliona mzigo ni mzigo, popote uendako unabebwa vilevile. Tangu siku ile watu wengi wanaojiandaa kuhamia huku wameniuliza kama kweli kuna haja ya kuchukua wahamishaji wenyeji. Jibu langu ni ndiyo, tena sitaki kulitoa nusunusu, kwa hiyo nimekaa nikaliandika lote.

Nianze na hewa, maana ndiyo iliyomwangusha yule kijana. Kwenye mita 2,500 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa usawa wa bahari, na oksijeni inayoingia kwa kila pumzi hupungua kwa kiasi hichohicho. Anayetembea taratibu mtaani huenda asihisi sana. Anayepanda ngazi na mashine ya kufulia mgongoni atahisi kabla hajafika ghorofa ya pili. Mwili hujifunza: mtu anapumua haraka zaidi, moyo unaongeza mwendo, na polepole damu inaongeza chembe nyekundu. Lakini kujifunza huko ni kwa siku na wiki. Maradhi ya mwinuko, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi, huanza kuwapata watu kwenye kimo kama hicho, na kazi nzito siku ya kwanza huyachochea. Misuli haimkingi mtu. Yule kijana ndiye aliyekuwa na kifua kipana kuliko wenzake wote.

Siku ile ilikuwa Jumamosi. Niliichagua kwa sababu sikuwa kazini, na mkazi yeyote wa mji wa watalii angenikataza kama ningemuuliza. Katika miji mingi ya namna hii Jumamosi ndiyo siku ya kupokezana wageni: waliokaa wiki nzima wanatoka asubuhi, wapya wanaingia alasiri, na katikati yao wasafishaji wanapanda na kushuka na magunia ya mashuka. Jengo langu lilikuwa na fleti za wakazi na fleti za kupangishwa kwa siku, zote zikitegemea lifti moja. Vijana walisimama na troli yao wakiingoja. Kila mlango ulipofunguka, ndani palikuwa pamejaa masanduku na watoto waliovaa viatu vizito vya kutelezea theluji.

Lori nalo halikuwa na pa kukaa. Njia ya kushukia maegesho ya chini ya jengo ina kibao kinachosema kimo cha mwisho ni mita 2.1, na lori lilizidi mita 3. Barabarani mbele ya jengo hapakuwa na nafasi hata ya baiskeli. Dereva akaliacha chini ya mteremko, na kila kitu changu, kuanzia godoro mpaka sufuria, kikapandishwa kwa mikono. Baadaye nilipima kwa hatua nikapata kama mita 120, juu ya theluji iliyokanyagwa mpaka ikang'aa.

Saa 11 jioni meneja wa jengo akaja kutuambia muda wa kuhamisha umekwisha. Alikuwa mpole lakini hakuyumba, na alikuwa na haki: kanuni za jengo zilikuwa kwenye karatasi nilizotia sahihi siku ya kununua. Kwenye jengo la namna hii kila mtu anamiliki fleti yake, ila korido, ngazi, lifti na maegesho ni mali ya wote, na wote wameshakubaliana zitumike vipi. Nusu ya vitu vyangu ikalala ndani ya lori katikati ya majira ya baridi. Asubuhi nilikuta chupa mbili za glasi zimepasuka, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Mimea yangu yote ilikuwa imelegea, majani meusi. Mmojawapo nilikuwa nimeutunza miaka 11, nikihama nao kila nilikokwenda. Niliushika ule udongo uliokuwa mgumu kama tofali, nikalia palepale barabarani.

Siwalaumu wale vijana. Nailaumu kampuni iliyowatuma, kwa sababu haikuniuliza swali hata moja kuhusu jengo, mtaa, wala siku. Waliuliza nina vitanda vingapi. Nami sikujua cha kuwauliza.

Miaka miwili baadaye nilipata fleti kubwa kidogo, ghorofa ya tatu, katika mtaa uleule. Safari hii sikuanza na simu wala matangazo. Nilimfuata mlinzi wa jengo jipya nikamwuliza, "Kaka, ni nani huwahamisha watu humu bila kukuachia mikwaruzo ukutani?" Alinitajia watu wawili bila kufikiri. Swali hilo nawapa wote wanaoniuliza. Mlinzi au msimamizi wa jengo hana sababu ya kumpamba mtu, maana ndiye anayebaki kupaka rangi.

Niliyempigia alikuwa mzee mwenye sauti nzito. Nilianza kumweleza nina vyumba vingapi, akanikatiza kwa upole. "Mwanangu, hayo tutayafikia. Kwanza niambie, lori litasimama wapi?"

Kisha yakafuata mengine. Mlango wa jengo unafungukia ndani au nje? Fleti za kupangishwa kwa siku ziko ngapi kwenye korido yangu? Ufunguo wa kuishikilia lifti isiitwe na watu wengine anao nani, na anatoka kazini saa ngapi? Kutoka mlango wa barabarani mpaka lifti kuna ngazi? Mwishoni akaniambia hawezi kunipa bei kabla hajaona vitu kwa macho yake, akaja Jumanne na futi kamba na daftari. Wengine wawili niliowapigia walinipa bei palepale kwenye simu, na zote mbili zilikuwa chini ya yake. Nilishaijua bei ya namna hiyo. Inapanda siku lori linapofika, wakati mali yako imo ndani na huna pa kwenda.

Nataka kukaa kidogo kwenye habari ya sofa, kwa sababu ndipo nilipoelewa ninalipia nini.

Sofa yangu ina urefu wa mita 2.2 na upana wa sentimita 85. Lifti ya jengo jipya ina kimo cha mita 2.1 na kina cha mita 1.4. Usiku wa kuamkia ujio wa mzee nilikuwa nimepiga hesabu: kutoka kona ya chini ya lifti mpaka kona ya juu upande wa pili ni kama mita 2.5. Kwa hiyo sofa ya mita 2.2 ikiinamishwa itaingia. Nilimweleza nikiwa na uhakika. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba mkasi na boksi tupu. Kwenye upande mmoja wa boksi akachora mstatili wa sentimita 21 kwa 14, akasema hiyo ni lifti. Kwenye kipande kingine akakata mstatili wa sentimita 22 kwa 8 na nusu, akasema hiyo ni sofa. Akanipa. "Iingize."

Niligeuza kile kipande kila upande. Nikikisimamisha, kichwa kinatokeza juu. Nikikilaza kidogo, kona ya chini inatoka mlangoni. Hakuna pembe iliyokubali. "Umepima kijiti," akaniambia. "Sofa si kijiti, ina tumbo."

Nilipoanza kusoma habari hizi niligundua kwamba wanahisabati wamelihangaikia sofa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1966 Leo Moser aliuliza swali linaloonekana la kitoto: korido yenye upana wa kipimo 1 inakata kona ya nyuzi 90, je, ni umbo gani bapa lenye eneo kubwa kuliko yote linaloweza kupita hapo? Mwaka 1992 Joseph Gerver alichora umbo lenye kingo za vipande 18, eneo lake kama 2.2195. Ilibidi kungoja mpaka 2024 ndipo Jineon Baek akaweka hadharani uthibitisho wa kurasa zaidi ya 100 kwamba hakuna umbo linaloweza kulipita lile. Napenda kuliwaza hilo kila ninapowakumbuka wale vijana wa mzee kwenye kona ya ngazi, wakizungumza kwa neno mojamoja: inua, kwako, tulia, zungusha. Walifungua miguu ya sofa, wakaivika mablanketi na kuifunga kwa mikanda, wakaipandisha kwa ngazi. Kila kwenye kituo cha ngazi, ambako dari iko juu, waliisimamisha wima kama mtu, wakaigeuza polepole juu ya kipande cha zulia, wakailaza tena. Ghorofa tatu, na ukuta haukuguswa. Mzee aliijua dari ya zile ngazi tangu alipohamisha mtu mwingine miaka ya nyuma, na alikuwa ameiandika kwenye daftari lake.

Kuhusu tarehe alinizuia kabisa kuchagua mwenyewe. Alitaka wiki zile tulivu baada ya msimu wa theluji kufungwa, kabla watalii wa kiangazi hawajaanza, na alitaka katikati ya wiki. Ijumaa jioni barabara ya kupanda imefungana, Jumapili jioni ya kushuka imefungana, na lori lililokwama kwenye foleni linakula saa ambazo lifti imeshikiliwa kwa ajili yako. Akanionya pia nisichelewe kumlipia nafasi, kwa sababu siku chache mara baada ya msimu kufungwa wafanyakazi wote wa msimu huhama kwa pamoja, na watu wa kubeba ni wachache. Hilo la uchache lina sababu inayoniumiza: katika miji hii nyumba nyingi zimegeuzwa za wageni, na wanaobeba makabati ya wengine mara nyingi wenyewe hawana uhakika wa pa kuishi. Mmoja wa vijana wake alikuwa akilala kwa rafiki yake mji wa bondeni na kupanda basi la alfajiri kila siku.

Karatasi nitazipitia haraka, lakini msiziruke. Uongozi wa jengo huenda ukataka cheti cha bima cha wahamishaji kabla ya siku yenyewe, na aliyezoea atakitoa bila kusumbuka. Angalieni kama kampuni ina leseni inayotakiwa pale ilipo. Someni kipengele cha fidia: kuna mikataba inayolipa kwa uzito wa kitu kilichoharibika, kwa hiyo televisheni nyepesi ya thamani kubwa hulipwa kidogo kuliko kabati zito la bei rahisi, na bima ya thamani kamili hununuliwa kando. Na anayedai sehemu kubwa ya malipo kabla hajaona hata mlango wa nyumba yenu, muacheni.

Siku yenyewe vitu vya kwanza kushushwa kwenye lori vilikuwa koleo na gunia la mchanga. Asubuhi barafu ilikuwa bado imeng'ang'ania kivulini. Vijana wawili walikwangua njia kutoka lori mpaka mlangoni, wakamwaga mchanga, kisha ndiyo wakagusa mzigo. Lori lilikuwa la wastani, na lilikuwa mbele kabisa ya mlango, kwa sababu mzee alikuwa ameomba kibali cha kushikilia nafasi ile na kuweka alama jioni iliyotangulia. (Kuna miji ambako hata lori lenyewe halifiki. Zermatt kule Uswisi, kwa mfano, magari ya kawaida ya mafuta huishia Täsch, kijiji cha chini yake, na ndani ya mji vitu huzungushwa na vigari vidogo vya umeme. Mgeni na lori lake refu angebaki bondeni.)

Ndani walitandika mazulia chakavu korido yote na kubandika maboksi kwenye kuta za lifti. Wakajigawa: wawili wa nje wenye viatu vya kukamata barafu, wawili wa ndani wenye viatu vikavu, mzigo unapokelewa mlangoni. Theluji haikuingia, na hakuna aliyekimbia kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto akiwa amelowa jasho. Walikunywa maji muda wote, hata ambao hawakuonekana kuchoka. Mwendo wao ulikuwa wa polepole kuliko wa wale wa kwanza, na sikuona mmoja wao akikaa chini kwa kushindwa.

Kuna jambo moja la siku ile ambalo silisahau. Kabla ya saa 5 asubuhi mzee alitoka nje, akainua macho akatazama paa la jengo, akatazama jua, akamwita dereva. Lori likasogezwa mbele kama mita 4, likaacha mlango upande wa nyuma. Nilidhani anampisha mtu. Alasiri, tukiwa ndani na kabati la nguo, ulisikika mshindo uliotikisa vioo. Theluji yote ya upande ule wa paa ilikuwa imeporomoka kwa pamoja, na rundo lake lilikuwa limelala pale lilipokuwa lori na pale walipokuwa wakisimama wale vijana wa nje. Nilitetemeka. Mzee alisema tu, "Paa hili hushuka likipata jua la mchana," akarudi kushika kabati.

Baadaye nilijumlisha gharama za safari zote mbili. Ya kwanza, pamoja na siku ya pili ya lori, vitu vilivyoharibika na ukuta wa korido nilioulipia, ilikuwa kubwa kuliko ya mzee. Lakini hata kama ingekuwa ndogo ningesema vilevile, kwa ajili ya yule kijana wa ngazini.

Kwa mambo madogo nilijifunza kwa kutazama. Kabla ya safari walifungua vifuniko vyote vya chupa za sabuni na mafuta ya nywele, wakazikamua kidogo kutoa hewa, wakazifunga tena, hata kwa mwendo ule mfupi. Ni mazoea ya watu wanaopokea mizigo kutoka chini, ambako chupa iliyofungwa hufika juu imevimba na kuvuja kwa sababu hewa ya nje imepungua mgandamizo. Gitaa halikuachwa karibu na kipasha joto, maana hewa ya milimani wakati wa baridi ni kavu na mbao husinyaa mpaka zikapasuka. Televisheni iliwekwa sebuleni ikiwa imefungwa kama ilivyo, wakanisihi nisiiwashe mpaka ipate joto la chumba, kwa sababu kitu baridi kikiingia kwenye joto hutoa jasho ndani yake.

Friji walikuwa wameilaza kidogo tu kwenye kona moja ya ngazi, lakini mzee hakutaka kubahatisha. Ikilala, mafuta ya kompresa, yaani pampu ya friji, huingia kwenye mabomba, na yanahitaji muda wa kurudi chini. Alikata kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, akakibandika mlangoni mwake, akaandika kwa kalamu nene: USIWASHE KABLA YA SAA 2 USIKU. Akahesabu mablanketi yake, akapita na tochi akikagua kuta za ngazi kutoka juu hadi chini pamoja na mlinzi, wakapeana mikono, wakaondoka kabla ya saa 10.

Nilikaa sakafuni kati ya maboksi mpaka giza likaingia. Saa 2 na dakika chache nikaibandua ile karatasi, nikachomeka waya, nikasikiliza friji ikianza kunguruma.